Plasta na Jani Bichi

Truphena alivuta sigara kwa miaka thelathini na saba, na mumewe hakuwahi kuuona moto wake. Moto ulikuwa ndani. Aliwasha sigara, akavuta mara moja au mbili kama watu wengine, kisha akaigeuza kwa ulimi na kuufungia kinywani ule upande unaowaka, kichungi kikabaki kikichungulia nje ya midomo. Moshi aliutolea puani polepole. Ukikutana naye njiani ungedhani mama wa watu ametoka kula nyama na anajichokonoa meno.

Usifikiri ni mchezo wa sarakasi. Huko kwa Wakuria, upande wa Migori unaopakana na Tanzania, wanawake wengi wa rika lake walivuta hivyo, na walikuwa na sababu zao. Mikono yao yote miwili ilikuwa kazini, ikitunga majani mabichi ya tumbaku kwenye fito ili yakakaushwe, na sigara iliyogeuzwa haidondoshi majivu juu ya majani. Mvua haiizimi. Mama mkwe akitokea ghafla, unafunga mdomo tu.

Nimeyajua haya kwa sababu ya kazi yangu. Naitwa Shamima. Nilizaliwa Voi nikaolewa Migori, na kwa miaka kumi na sita nina duka la dawa mjini, kando ya barabara ya Isebania, katikati ya muuza simiti na kinyozi. Watu huniita daktari. Zamani nilikuwa nawasahihisha, siku hizi naitika. Sina tabia ya kufuatilia maisha ya wateja. Ukianza hutafunga duka. Huyu nilimfuatilia kwa sababu nilimkosea.

Aliingia kwangu mwezi wa nne mwaka jana, pamoja na bintiye Emmaculate, mwalimu wa shule ya msingi aliyeolewa Bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay. Truphena alikuwa na miaka hamsini na sita, mwembamba, kitambaa kimekaza kichwani, viatu vya plastiki vimeoshwa vikang'aa. Alikaa kwenye benchi akawa anatazama barabarani kana kwamba mgonjwa ni mtu mwingine. Binti ndiye aliyeongea.

Ilikuwa Pasaka, mama amekuja Lambwe kuwasalimu. Chai ikamiminwa kutoka kwenye chupa, watu wakawa wanapuliza vikombe vyao, na yeye akanywa cha kwake mpaka nusu kwa mkupuo mmoja.

"Nikamwambia, mama, hiyo chai ni moto," Emmaculate alisema. "Akaniambia iko sawa tu. Hiyo ndiyo ilinishtua."

Binti alimfungua mama mdomo, akamulika na tochi ya simu. Kaakaa, yaani lile paa la kinywa, lilikuwa jeupe na gumu kama ukoko wa ugali, lina vidoa vyekundu hapa na pale. Wakaenda Homa Bay. Daktari wa meno akamega kipande kidogo, akakipeleka maabara, na majibu ndiyo yaliyokuwa kwenye karatasi niliyowekewa mezani.

Saratani, bado. Lakini chembechembe za pale zilikuwa zimeanza kubadilika, na moto na moshi vikiendelea zingefika huko. Aache kabisa. Arudi baada ya miezi mitatu. Doa likiwa limepungua, wataendelea kulitazama. Likiwa limeenea, watalikata pamoja na sehemu ya kaakaa.

Truphena hakuuliza habari ya kufa. Aliuliza swali lingine.

"Wakikata hapa juu, daktari, chai nitakunywa namna gani?"

"Watakutengenezea kitu cha kuziba, mama, kama vile meno ya bandia. Lakini mwanzoni inaweza kutokea puani."

"Mbele ya mkwe?"

Emmaculate akatazama sakafu. Kwao mama mtu haketi hivi hivi kula mbele ya mume wa bintiye, sembuse kumwaga chai kwa pua. Levis, huyo mkwe, ni kijana mpole ambaye angetoka nje mwenyewe ili asione, na hilo ndilo lililomwuma zaidi Truphena. Kifo kilikuwa habari ya mbali. Aibu ya mkwe aliiona kabisa, na kikombe chake na kisahani chake.

Alikuwa amejaribu kuacha mara mbili kabla ya kuja, na mara zote mbili siku ya pili ilimshinda. Kwa hiyo walitaka plasta. Emmaculate alikuwa amesikia habari zake kwa mwalimu mwenzake. Nikamwelezea mama kwamba plasta ina ile ile nikotini ambayo mwili wake huidai kwenye sigara, ila inaingia kwenye ngozi kidogo kidogo, bila moshi wala moto, na kila baada ya majuma kadhaa unashuka kwenye plasta ndogo mpaka mwili usahau. Dawa ya moto ni moto, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, hilo alilielewa upesi.

Sikuwa nazo dukani. Huku hakuna anayezinunua, na bei yake inamfanya mtu aombe glasi ya maji. Nilimpigia Suleman, mtu wangu wa Nairobi anayeniletea dawa, akazituma. Walipokuja kuzichukua nilitoa karatasi yangu ya maswali nikamhoji mama kama inavyotakiwa. Moyo? Hapana. Presha? Hapana. Ngozi yake hukataa plasta? Hajui. Anavuta ngapi kwa siku? Akatazama dari, akasema kumi na tano, binti akasema ishirini. Ana mimba? Akacheka mpaka akakohoa.

Maswali ni kumi na moja. Idadi naijua kwa sababu yamechapishwa. Kazi yake sikuiuliza. Karatasi haikuwa na swali hilo, nami nilijaza karatasi. Mikono yake ilikuwa safi, maana mwezi wa nne tumbaku bado iko shambani, changa, na hakuna linaloshikwa isipokuwa jembe. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku.

Emmaculate alimchukua mama yake wakakae wote Lambwe mpaka azoee. Nilipata habari zao kwa simu kila Ijumaa. Juma la kwanza aliota anavuta, akaamka amekasirika kwa kuwa sigara yenyewe haikuwepo. Juma la pili ikajulikana kwamba plasta ilikuwa imetuliza mwili wote isipokuwa kinywa. Kinywa kilikuwa kinatafuta joto. Alikutwa jikoni ametia mdomoni kipande cha kiazi kitamu kilichotoka majivuni, amekibana juu kwenye kaakaa, macho amefumba. Emmaculate akafoka, akamnunulia tangawizi ya kutafuna badala yake.

Kulikuwa na mambo ya kuchekesha pia. Akina mama wa Lambwe walimwona kisimani na kile kiraka begani wakadhani ni cha kupanga uzazi.

"Kwani bibi, wewe bado?" mmoja akamwuliza.

"Mzee wangu ana nguvu," Truphena akamjibu, akajitwika ndoo yake akaondoka.

Juma la nne alilifua blanketi lake mara mbili kwa sababu alikuwa amelinusa kwa mara ya kwanza. Niliposikia hilo nilifurahi sana. Nikawa najisifu mbele ya kinyozi jirani, kana kwamba kaakaa ni langu.

Juma la sita mumewe akapiga simu. Maroa ni mtu wa shamba moja na maneno machache. Hajawahi kuvuta hata sigara moja; husema tumbaku ni kama ng'ombe wa mnadani, unamlisha, unampeleka, hujifunzi kumpenda. Kwenye boma lao kazi imegawanyika tangu zamani za baba yake. Mwanamume analima, anajenga bani, ile nyumba ya kukaushia, anachochea moto wake na anapeleka mzigo kwa kampuni. Kuchuma majani na kuyatunga kwenye fito ni kazi ya wanawake, chini, juu ya mkeka. Mwanamume wa kule huyashika yakiwa makavu. Sasa majani yalikuwa yameanza kuwa manjano, mvua haikatiki, na mikono ya kutunga haitoshi. Truphena ndiye aliyekuwa na mikono ya haraka kuliko wote.

"Mama Emmaculate, rudi," alisema. "Itaozea shambani."

Akarudi na maboksi yake ya plasta kwenye kikapu, na kile kisa cha kisimani akawasimulia wenzake wa mkekani. Siku ya kwanza kulikuwa na jua, akatunga vizuri tu. Siku ya pili vilevile, kichwa kikamgonga kidogo jioni. Siku ya tatu ilinyesha alfajiri, majani yakaja mkekani yakichuruzika maji, na wanawake wakaketi wakalowa mpaka kwenye viwiko. Haikufika saa nne. Truphena alitokwa jasho la baridi, moyo ukaanza kwenda mbio, dunia ikazunguka, akainuka akakimbilia nyuma ya bani akatapika mpaka pasipo na kitu.

Wanawake walifanya kile ambacho wanawake wa kule hufanya siku zote mtu akitapika msimu wa tumbaku.

"Hongera!" akapaza sauti Kemuma, jirani aliyeolewa pale kutoka Kisii. "Plasta ya Lambwe imeshindwa kazi!"

Wakacheka sana. Siku ya nne mvua ilinyesha tena, akatapika tena, na sasa hakuna aliyecheka. Kemuma akasema labda ni hiyo kitu kwa mkono. Truphena akaibandua plasta, akaitupa kwenye tanuri la bani. Kisha akamwomba Kemuma sigara. Akaiwasha, akaigeuza, akaifungia ndani. Akavuta na ya pili. Tumbo halikutulia, kichwa kikazidi, na kaakaa likawa linauma kama limekwanguliwa.

Kesho yake alikuwa dukani kwangu kabla sijamaliza kufagia. Alilipiga boksi juu ya meza.

"Hii dawa yako ni sumu."

Sipendi kuambiwa hivyo. Nilichukua boksi nikatazama tarehe, nikatazama namba, nikafungua plasta moja nikainusa, sijui nilitarajia kunusa nini. Nikampigia Suleman. Nilimfokea mbele ya mteja, nikamwuliza kama siku hizi anauza za magendo, naye akanifokea kwamba ana risiti za kiwanda na mimi sina adabu. Nikakata simu. Truphena alikuwa ameegemea meza kwa mikono miwili, na ndipo nilipoiona mikono yenyewe. Vidole vilikuwa vyeusi, vimepakwa kitu kama lami mpaka kwenye kucha.

"Mama, mikono imefanya nini?"

"Ni tumbaku. Ile gundi yake. Haitoki na sabuni, unatoa na nyanya mbichi."

"Umeishika lini?"

"Kila siku. Kwani mimi nafanya kazi gani?"

Nilikaa chini. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo chuoni, mistari minne katika kitabu kinene, na nikalifungia huko huko pamoja na mitihani. Jani bichi la tumbaku likilowa, nikotini yake hutoka na maji na kupita kwenye ngozi, sawasawa na plasta. Ni ngozi ile ile. Mimi nilimbandika plasta moja begani, yeye akaenda akajibandika shamba zima mikononi. Nilijisikia vibaya sana, na sina namna ya kulipamba. Nilimwambia hivyo hivyo: kosa ni langu, sikukuuliza.

Nilingoja anitukane. Badala yake alikaa kwenye benchi, akawa anavitazama vile vidole.

"Kwa hivyo hii jani inatapisha mtu," akasema polepole. "Yenyewe tu. Bila plasta."

"Inatapisha, mama. Hasa asiyeizoea."

"Na mtu wa sigara?"

"Wa sigara mwili wake umeshazoea nikotini. Haimsumbui sana. Wewe ulikuwa umeanza kuachishwa, ndiyo maana imekupiga."

Mteja wa panadol aliingia akatoka. Kisha Truphena akaanza kunieleza mwaka alioolewa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya mahindi.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, ametoka boma lisilolima tumbaku. Msimu wake wa kwanza, siku ya tatu ya kutunga, akatapika nyuma ya bani. Mama mkwe alikuja mbio, akampangusa mdomo kwa leso yake mwenyewe, na kuku akachinjwa siku hiyo hiyo. Vigelegele vikapigwa. Maroa, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akatembea kijijini kifua mbele. Kila siku ya umande bibi arusi alitapika, na kila akitapika watu walizidi kufurahi. Majuma mawili. Mwishowe mwanamke mmoja wa mkekani akamhurumia, akawasha sigara, akaigeuza, akamtia mdomoni. Vuta, tumbo itatulia. Likatulia kweli. Ndiyo sigara yake ya kwanza.

Msimu ukaisha, tumbo halikutokeza. Lisemwalo lipo, watu wakasema, mimba ilikuwepo, tuliiona kwa macho yetu. Sasa iko wapi? Wakaanza kuitafuta. Wakasema ameitoa. Wakasema alimfuata mwanamke fulani wa dawa ng'ambo ya mpaka. Maroa akachukua fimbo ya ng'ombe. Truphena alirudi kwa baba yake mwezi mzima, akarudishwa, na Emmaculate hakuzaliwa mpaka baada ya miaka minne.

"Na mimi nilikubali," aliniambia. "Nilidhani nilimpoteza bila kujua. Nikasema alikuwa kijana. Ile mwaka rika yake ilienda jando, nilisimama kando ya barabara wakipita na nyimbo, nikahesabu. Nikasema, wangu angekuwa anatembea pale, katikati ya wale wawili."

Akakwangua gundi kwenye ukucha, kisha akanitazama.

"Kwa hivyo hakukuwa na mtoto."

"Siwezi kuapa, mama," nikamwambia. "Lakini bibi arusi anayetapika siku za umande peke yake, halafu anapona kwa sigara, hiyo si mimba."

Alilia kidogo, kimya, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mimi nililia pia, nimesimama nyuma ya rafu ya dawa za kikohozi. Nilimlilia yule msichana wa miaka kumi na tisa, na nililia kwa sababu katika miaka kumi na sita nimewauzia mabibi arusi wangapi wa kule vipimo vya mimba na dawa za kuzuia kutapika, na sikuwahi kumwuliza hata mmoja anashika nini.

Baadaye alijifuta uso kwa ukingo wa kanga akauliza afanye nini. Nikamwambia ukweli: plasta au majani. Vyote viwili haviwezekani. Na sigara zile mbili zisipate ya tatu, maana zimebaki wiki sita daktari wa Homa Bay atazame.

"Kaakaa ni yangu," akasema. "Majani ni ya Maroa."

Alirudi nyumbani na plasta mpya begani, pamoja na boksi la glavu nililompa kwa ajili ya wenzake. Yaliyofuata sikuyaona, nilihadithiwa na Kemuma alipokuja kununua dawa ya minyoo, na Kemuma hahadithii kwa ufupi.

Maroa hakuamini. Miaka thelathini na saba unashika, aliuliza, na leo ndiyo inakuumiza? Truphena akamwambia yote, mpaka ya yule bibi arusi na ya fimbo. Maroa akasema huyo mwanamke wa duka anatafuta soko la glavu. Asubuhi kulipokucha na umande umejaa, alikwenda akaketi kwenye mkeka wa wanawake, mahali pa mkewe, akakunja mikono ya shati.

"Nitashika mimi. Tuone."

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuona mwanamume mzima, mwenye bani yake, ameketi pale. Vidole vyake vilikuwa vizito, uzi ukamkatikia, majani yakamtoka, lakini alikuwa mkaidi na aliendelea, maji ya majani yakimtiririka mpaka kwapani. Ufito wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne akaweka uzi chini. Uso ulikuwa umebadilika rangi. Alijaribu kutembea kwa heshima mpaka nyuma ya bani, lakini hatua za mwisho alikimbia.

"Hongera, mzee!" Kemuma akamwitia. "Ni kijana ama ni msichana?"

Mkeka wote ukalala kwa kicheko. Truphena peke yake hakucheka. Alichukua kikombe cha maji, akamfuata kule nyuma, akampangusa mdomo kwa leso yake. Maroa alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta wa bani, macho mekundu. Kemuma alikuwa amesogea karibu, yeye anasema ni kwa ajili ya kusaidia.

"Hivi ndivyo ulikuwa unasikia?" Maroa akauliza.

"Hivyo."

"Wiki mbili?"

"Wiki mbili."

Akatazama mikono yake. "Na mimi nikachukua fimbo."

Truphena alimwachia kikombe, akaenda kukoka moto wa chakula cha mchana.

Siku ile ilipopita Maroa alivaa glavu, akarudi mkekani. Alitunga mpaka msimu ukaisha, glavu zikimtoboka vidoleni, mchana kweupe, kando ya njia ambayo wanaume wenzake hupita kwenda senta. Walimcheka. Mmoja alimwuliza kama atavaa na leso. Kemuma anasema hakuwahi kuinua kichwa, na kwamba mpaka mwisho alikuwa mtungaji mbaya kuliko wote. Mwaka huu amepanda tumbaku nusu ya shamba tu. Nusu ya pili ina wimbi la uji. Kama ni kwa sababu ya mambo haya au ni kwa sababu ya bei ya kampuni, sijui, na sikuuliza.

Kwenye karatasi yangu nimeandika swali la kumi na mbili kwa kalamu: Mikono yako inashika nini?

Mwisho wa mwezi wa saba walikwenda Homa Bay. Emmaculate alikuwa ameomba ruhusa shuleni ampeleke mama, lakini Maroa akasema atampeleka mwenyewe. Wakirudi walipitia dukani kuchukua boksi la mwisho, zile plasta ndogo. Ndiyo mara ya kwanza mimi kumwona Maroa. Ni mtu mrefu, mwenye haya, hakujua aweke wapi kofia yake. Truphena alitoa karatasi akanipa niisome, ingawa walikwisha kuambiwa yote kule. Doa lilikuwa limepungua zaidi ya nusu. Vidoa vyekundu vimebaki vichache. Hakuna kukatwa kwa sasa. Arudi baada ya miezi sita.

"Nilimwambia zile sigara mbili," Truphena alisema. "Sikuficha."

"Akasemaje?"

"Akaandika."

Niliagiza chai kutoka hoteli ya jirani, ikaja kwenye birika, inatoa mvuke. Nikawamiminia. Maroa akaanza kupuliza ya kwake. Truphena alikiinua kikombe kama alivyozoea miaka yote, bila kusubiri, akapiga mkupuo.

Akaruka. Chai ikamwagikia magotini, kikombe kikagonga meza, akaushika mdomo kwa mkono.

"Uuwi! Imenichoma!"

Tukamtazama. Yeye akatutazama. Aliutoa mkono mdomoni taratibu, akapitisha ulimi juu kwenye kaakaa, akarudia kupitisha.

"Imenichoma," akasema tena, kwa sauti ndogo, machozi yamemjaa.

Maroa akaweka kikombe chake chini. Akachukua cha mkewe, akakishika kwa vile vidole vyake vyenye weusi usiotoka kwa sabuni, akainama juu yake akaanza kumpulizia.